Plastiki za nje za gari kupauka: njooni tuelezane, hasa sisi wa Mtwara na Lindi

Sabuni na Brashi (mleta uzi), Mtwara mjini

Wakuu salaam.

Uzi huu ni wa wenye magari ambayo bodi bado inang'aa vizuri, lakini bampa, madigadi, vishikio vya saidi mira na ile plastiki ya chini ya kioo cha mbele inapokaa vaipa, vyote vimegeuka rangi ya majivu. Nazungumzia RAV4 za zamani, Escudo, Probox, X-Trail, Hiace, mpaka bajaji na Boxer. Kazi yangu ni kuosha na kupiga polish magari, na swali ninaloulizwa sana si la rangi wala la viti. Ni hili: "Hizi plastiki haziwezi kurudi zikawa nyeusi?"

Zinarudi. Tatizo ni kwamba wengi tunakimbilia dawa kabla ya kujua ugonjwa.

Plastiki nyingi za nje ambazo hazikupigwa rangi ni polipropilini iliyochanganywa na kitu cha jamii ya mpira ili isipasuke ovyo ikigongwa. Siku fundi akifungua bampa au madigadi, geuza uangalie upande wa ndani, utakuta herufi PP au PP+EPDM zimechapwa. Weusi wake si rangi iliyopakwa juu. Ni unga mweusi wa kaboni, jamii ya masizi, uliokorogwa humo kiwandani, kwa hiyo plastiki ni nyeusi kutoka nje mpaka ndani. Ndiyo maana ukiikwaruza kwa kina haitoi rangi nyingine.

Sasa jua. Ile miale isiyoonekana kwa macho, urujuanimno, inakatakata minyororo ya plastiki pale juu juu. Ngozi ya juu inakuwa na vipasuko vidogo mno na vumbivumbi kama chaki. Mwanga ukifika hapo unatawanyika huku na huku, na jicho lako linaona kijivu. Chini ya hiyo ngozi iliyokufa plastiki yako bado ni nyeusi kabisa. Kwa hiyo anayekwambia "imeisha mafuta, ipake mafuta" anakupa nusu ya habari.

Na jua la kwetu halina utani. Mtwara iko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, kwenye mwisho wa Februari na tena baada ya katikati ya Oktoba. Februari walau kuna mawingu ya mvua. Oktoba ni kipindi cha korosho, anga jeupe, na gari linashinda limeegeshwa nje ya ghala kutwa nzima. Saa sita mchana siku kama hiyo kipimo cha urujuanimno kinapita 11, daraja la juu kabisa katika viwango vya Shirika la Afya Duniani. Gari lililoishi miaka yote Japani likafika hapa na plastiki nyeusi ti, lisikushangaze likianza kupauka mapema.

Kabla hujanunua chochote, fanya jaribio hili, ni bure. Osha kipande kimoja, kisha kimwagie maji safi ukitazame kikiwa kimelowa. Kikiwa cheusi sawasawa chote, umepona, maana maji yamejaza vile vipasuko na kukuonyesha rangi iliyoko chini. Kikilowa na bado kina mabaka meupe, basi kuna uchafu ulioganda, polish iliyokauka, au plastiki imeliwa kwa kina, na hapo kupaka dawa tu hakutatosha.

Kazi kubwa iko kwenye kuosha, na hapo ndipo watu wanaporuka. Sabuni ya maji, maji ya vuguvugu na brashi ya nywele laini, mswaki wa zamani ukitosha kwenye kona. Plastiki za nje zina vinundunundu kama ngozi ya chungwa, na kitambaa kinapita juu ya vinundu bila kugusa mabondeni. Brashi ndiyo inafika. Sugua, suuza, rudia mpaka povu liwe jeupe. Povu la kwanza litatoka jeusijeusi, usiogope, ni ile ngozi iliyokufa inaondoka pamoja na silikoni za dawa za kung'arisha zilizopakwa zamani. Acha ikauke kabisa, na kwenye maungio pulizia hewa kama unayo, maana maji yanajificha humo yanatoka kukuharibia kazi dakika ya mwisho. Kisha futa na spiriti kwa kitambaa safi. Tina usiguse. Polipropilini inaweza kuivumilia, lakini huwezi kujua kipande kipi ni ABS, plastiki ya aina nyingine, na ABS ikikutana na tina inalainika na kuharibika uso. Tena tina ikichuruzika kwenye rangi ya mlango, umejitafutia kesi nyingine.

Karibuni kwa maswali. Dawa za kupaka nitazieleza kadiri mnavyouliza.

---

Chombo cha Ligula

Mkuu, sisi wa bajaji tunapaka kiwi ya viatu, au dizeli na oili chafu kidogo kwenye kitambaa. Chombo kinawaka kama kimetoka dukani. Shida iko wapi?

---

Sabuni na Brashi

Shida ni kesho yake, kaka.

Kiwi ni nta na rangi, vimelainishwa na kimiminika kinachoruka hewani. Inatia weusi kweli, na kama una harusi Jumamosi sina ugomvi nayo. Ila inashika nguo za abiria anapopanda na kushuka, na jua likichemka inalainika, vumbi linanata. Pita nayo barabara ya vumbi kidogo tu, utarudi na bajaji ya rangi ya udongo.

Dizeli ndiyo nakukataza kabisa. Inaingia kwenye mipira ya pembeni, mipira inavimba na kulegea, kisha sehemu nyepesi ya dizeli inaruka na kukuachia utando unaokusanya mchanga. Oili chafu mbaya zaidi, na hapa siongelei plastiki tena. Oili iliyotoka kwenye injini ina masizi na mabaki ya vyuma, na kuishika kila siku kwa mikono mitupu kunahusishwa na saratani ya ngozi. Wewe unaipaka asubuhi, abiria anaegemeza mkono mchana, na mvua inaipeleka mtaroni.

Mafuta ya nazi najua mtauliza. Hayana sumu, lakini hayakai. Mvua moja, kwaheri.

Na chochote cha kung'arisha, kisiguse siti ya pikipiki, pedeli, usukani, uso wa tairi unaokanyaga lami, wala diski za breki.

---

Probox Masasi

Nimeweka kambi hapa. Swali langu: kuna fundi wa tinti alinipulizia hewa ya moto kwenye bampa ya Probox, ile mashine wanayokunjia tinti kwenye kioo. Nilishangaa, plastiki ikawa nyeusi hapo hapo naangalia, hakupaka kitu. Baada ya mvua za masika kupita imerudi kijivu tena. Je, nirudie?

---

Sabuni na Brashi

Hiyo njia ni ya kweli, si mazingaombwe. Wengi wanasema moto "unaivuta mafuta ya ndani". Sehemu kubwa ya kinachotokea ni kwamba ngozi ya juu inalainika na vile vipasuko vinajifunga. Uso ukishakuwa mzima mwanga hautawanyiki, na weusi unaonekana.

Kwa nini inarudi? Kiwandani plastiki iliwekewa viambato vya kuzuia miale, na hivyo vinatumika na kuisha kadiri miaka inavyokwenda. Joto linafunga vipasuko lakini halirudishi hivyo viambato. Kwa hiyo jua linaanza kula upya, safari hii bila kizuizi. Kila ukipuliza unaichosha zaidi, inakuwa ngumu, na vile vinundunundu vinaanza kulala, unapata sehemu inameta na sehemu imefifia.

Ushauri wangu: mara moja inatosha, na baada ya hapo paka dawa ya kudumu juu yake. Mkono usisimame mahali pamoja, uwe unatembea muda wote. Polipropilini inayeyuka kwenye nyuzi 160 na kitu, na mashine zile zinatoa hewa ya moto zaidi ya hapo kwa mbali. Ikianza kumeta kama imelowa, ondoka haraka. Osha kwanza kabla ya moto, la sivyo unaoka uchafu ndani. Kinga rangi ya mlango na mipira kwa tepu ya karatasi. Na wale wanaotumia mtungi wa gesi wenye ndimi za moto karibu na mfuniko wa tangi la mafuta, mimi nakaa mbali nao.

---

Dada X-Trail

Habari kaka. Yangu naona si kupauka. Kulikuwa na mtu alinipigia gari polish, bodi ikatoka nzuri, lakini kwenye zile plastiki nyeusi za milango amebakiza mabaka meupe kama unga wa muhogo. Nimeosha na sabuni, yakilowa yanapotea, yakikauka yanarudi. Naogopa kusugua sana.

---

Sabuni na Brashi

Dada, hiyo ni polish ya bodi imekauka kwenye mabonde ya vinundu. Inakera lakini inatoka. Chukua ufutio mweupe wa wanafunzi, ule laini, sugua taratibu kwenye baka moja. Utaona uchafu unajikusanya kama wa kwenye daftari. Yakiwa mengi, brashi na maji ya moto kiasi mkono unavyovumilia, sabuni ya vyombo, kisha spiriti. Watu wengine wanatumia siagi ya karanga, mafuta yake yanalainisha nta na karanga inasugua, na kweli inafanya kazi, ila baadaye lazima uoshe vizuri, usije ukaalika siafu.

Na mwambie anayekupigia polish aweke tepu kwenye plastiki kabla hajaanza. Ni dakika chache tu.

---

Fundi Rangi Lindi

Mimi nasikiliza tu maneno mengi hapa. Piga rangi nyeusi isiyong'aa, yamekwisha. Kwa nini mtu ahangaike na vichupa?

---

Sabuni na Brashi

Fundi heshima yako, na kwenye bampa lililochanika au lililojaa mikwaruzo niko upande wako. Ila wewe mwenyewe unajua polipropilini haishiki rangi kirahisi. Nimeona magari mangapi yamepuliziwa kopo la rangi moja kwa moja, baada ya muda rangi inabanduka vipande vipande kama ngozi iliyoungua jua, halafu mwenye gari anatamani ule ukijivu wake wa mwanzo?

---

Fundi Rangi Lindi

Hapo sawa, wanaofanya hivyo wanatuharibia jina. Basi niwaeleze inavyotakiwa. Osha na uondoe mafuta na silikoni zote, maana silikoni ikibaki rangi inafanya vitobo kama macho ya samaki. Pitisha msasa laini wa maji kidogo au ile pedi ya kijivu, si steelwire ya jikoni. Kisha praima maalumu ya plastiki, ile nyepesi isiyo na rangi inayopigwa kabla ya kitu chochote. Bila hiyo usianze. Halafu rangi, mikono miwili mitatu myembamba, usipige mmoja mzito. Gril ya ABS haina usumbufu huo, inashika rangi vizuri.

Ila nakubali jambo moja: ukishapiga rangi hakuna kurudi nyuma. Jiwe likigonga, unapaka tena. Na vile vinundu vinajaa rangi, muonekano wa kiwandani unapotea.

---

Sabuni na Brashi

Ndiyo maana mimi rangi naiweka mwisho wa foleni.

---

Mzee wa Kilwa

Vijana, hamjambo. Huku tuna mafuta ya ganda la korosho, meusi yale, yanashika mbao mpaka mchwa wanakimbia. Mbona hamyataji? Ni ya kwetu na ni bure.

---

Sabuni na Brashi

Shikamoo mzee wangu. Swali zuri, maana hata mimi nimewahi kuulizwa hapa dukani.

Yale mafuta yanashika kwa sababu yakikaa hewani yanagandamana na kuwa kama vanishi, na viwandani yanatengenezewa rangi na hata vitambaa vya breki. Lakini mabichi yana tindikali inayobabua ngozi, wabanguaji wote wanajua, ndiyo maana wanajipaka majivu au mafuta mikononi. Uyapake kwenye mshikio wa mlango, mjukuu aje aushike, tutakuwa tumemtafutia malengelenge. Na yakikauka hayawi meusi sawasawa, yanakuwa ya kahawia yenye madoa, na hayo sasa hayatoki kwa brashi wala spiriti. Tuyaache kwenye nguzo za uzio.

---

Mzee wa Kilwa

Marahaba. Nimekuelewa.

---

Probox Masasi

Mleta uzi unatuzungusha. Taja hizo dawa za kudumu ni zipi.

---

Sabuni na Brashi

Haha, nakuja. Dukani vichupa ni vingi lakini familia ni mbili.

Ya kwanza ni za silikoni na mafuta, za kung'arisha dashibodi na tairi. Ziko kila sheli, bei nafuu, unapaka unafuta. Zinajaza vipasuko kama maji ya lile jaribio, na zinaondoka na mvua na sabuni. Hesabu wiki, si miezi. Zikizidi zinachuruzika kwenye rangi, na ukipaka ile plastiki ya chini ya kioo, mvua ya kwanza vaipa zinasambaza utando kwenye kioo na usiku huoni mbele. Si mbaya kwa anayekubali kurudia kila mara. Ukichagua ya familia hii, tafuta ya majimaji meupe isiyonata, achana na ya mafuta mazito.

Familia ya pili zinashika na kukauka kuwa ngumu. Kuna za rangi, zinatia weusi ndani ya ile ngozi, na kuna za resini au seramiki, zinaacha utando mgumu wenye kinga ya miale. Mifano ni Gtechniq C4, CarPro DLUX na vitambaa vya Cerakote. Huku kusini si rahisi kuzikuta rafuni, watu wengi wanaagiza Dar. Kichupa ni kidogo na bei inauma, lakini matone machache yanakwenda mbali na unahesabu miezi mingi, zikipakwa vizuri hata zaidi ya mwaka.

Hapo kwenye "zikipakwa vizuri" ndipo pesa inapopotea. Gari liwe kivulini na plastiki iwe ya baridi ukiigusa. Ukipaka juani dawa inakauka kabla hujaisambaza, inabaki michirizi, na michirizi ya seramiki ikishakauka ni shughuli kuitoa. Weka matone kwenye kisifongo kidogo, paka kipande kimoja kwa wakati, fuata maelekezo ya chupa kuhusu dakika za kusubiri, kisha futa kinachozidi kwa kitambaa kingine. Vaa glavu. Ikidondoka kwenye rangi, futa papo hapo. Halafu isiguswe na maji, zisizopungua saa 24 kwa nyingi.

Na hapa wa pwani tuangalie: usipake jioni ukaacha gari nje. Umande wa Mtwara alfajiri unalowesha gari kama limeoshwa. Paka asubuhi, na usiku lilale chini ya paa.

---

Mchanga wa Msimbati

Mimi natembeza gari ufukweni mara kwa mara. Chumvi nayo inapausha plastiki? Na kava la gari linasaidia?

---

Sabuni na Brashi

Chumvi yenyewe kwa plastiki haina neno sana. Inachofanya ni kula skrubu na vibanio vya chuma vinavyoshika hizo plastiki, na ikikauka inaacha ukungu mweupe unaofanana na kupauka. Suuza na maji ya kutosha yasiyo na chumvi kila ukitoka ufukweni, na usisahau chini ya madigadi. Mchanga ndio adui wako zaidi, unasugua. Kamwe usifute plastiki yenye mchanga kwa kitambaa kikavu.

Kava ni zuri kama gari ni safi na kava limekaa vizuri. Ukilifunika likiwa na vumbi na upepo ukalipigapiga, umelipiga msasa mwenyewe. Kivuli kinasaidia zaidi, ila chagua mti. Mwembe na mkorosho vinadondosha utomvu, na ndege wa juu yake unawajua. Banda la makuti halijawahi kuniangusha.

---

Chombo cha Ligula

Na taa za mbele zilizokuwa za njano, nipake dawa hiyo hiyo?

---

Sabuni na Brashi

Hapana. Taa ni plastiki nyingine, polikaboneti, na ina utando wa kinga ulioharibika juu. Ile inataka msasa wa maji kuanzia wa kukwaruza kidogo kwenda laini kabisa, polish, kisha kinga mpya ya miale juu. Tuifungulie uzi wake.

---

RAV4 ya Newala

Nimechelewa kuuona huu uzi. RAV4 yangu ni ile ya miaka ya 90, plastiki zake nahisi zilikuwa za kijivu tangu kiwandani, si nyeusi. Nikipaka dawa nyeusi itakuwaje?

---

Sabuni na Brashi

Umefanya vizuri kuuliza kabla. Nyingi za zile kweli zilitoka na kijivu, na kijivu kinazeeka haraka zaidi kwa sababu ule unga wa kaboni wenyewe ni kinga ya jua na humo umewekwa kidogo.

Fungua mlango uangalie plastiki inapoingia ndani ya ukingo, mahali jua halifiki, au nyuma ya kibao cha namba. Hiyo ndiyo rangi yake halisi. Ukitaka ibaki kijivu, chukua seramiki isiyo na rangi, itakipandisha kijivu kikolee. Dawa ya kutia weusi itaigeuza nyeusi kweli, na wengine wanapenda hivyo, ila amua gari zima kwa mara moja. Usianze na bampa la mbele ukaishiwa dawa kabla ya kufika la nyuma, kichupa kimoja kwa RAV4 yenye plastiki pande zote kinaweza kisitoshe. Anza na kipande kilichojificha, mfano chini kabisa ya bampa la nyuma, kiache kikauke siku nzima, kiangalie juani. Ukiridhika, endelea.

---

RAV4 ya Newala

Nimeangalia nyuma ya kibao cha namba, ni kijivu iliyokolea. Naagiza isiyo na rangi.